Kumpima Mzee wa Gesi

Jumamosi, katikati ya mwezi wa sita, Iringa. Ukungu ulikaa mpaka chai ikapoa mezani, kisha jua likatoka bila joto, na upepo wa huku ukaanza kazi yake ya kupenya kwenye mikono ya sweta.

Nimekuja jana kwa basi kutoka Mbeya, nimefikia kwa Mzee wa Gesi. Njia nzima nilikuwa nimepakata begi lenye kipimo, na njia nzima nilikuwa naona aibu kama mtu aliyetumwa kwenda kumpekua mkwe wake. Nimetumwa kumpima. Nataka niandike leo hii hii, kabla sijaanza kujipendelea mwenyewe au kumpendelea yeye. Shule yangu ni darasa la saba, na juu yake kozi ya kuzamia. Nikikosea kupanga mambo, basi nimekosea kupanga tu, sijadanganya.

Jina lake siliandiki. Kazini wote tulimwita Mzee wa Gesi, hata bosi, hata mke wake tukiwepo sisi.

Watu wakisikia Mbeya kuna wazamiaji wanacheka. Wanauliza tunazamia wapi, kwenye viazi? Lakini Ziwa Nyasa liko hapo chini, na kina chake si cha kuchezea. Kuna mabwawa yenye vyuma vya kukaguliwa. Kuna malango ya mifereji ya mpunga kule Rujewa ambayo magogo huyaziba kila masika. Injini za boti zinazama, na wenyewe wanazitaka. Bosi wetu ana duka la gesi za kuchomelea pale Mwanjelwa, la tangu babu yake aliyetoka India, na hizo gesi za wachomeleaji ndizo zilizomleta kwenye gesi yetu.

Kazi ya Mzee ilikuwa kutuchanganyia hewa ya kupumua tukiwa chini. Hewa hii tunayovuta bure, katika kila mia ina oksijeni ishirini na moja, na karibu yote iliyobaki ni naitrojeni. Mtu akikaa sana kwenye kina, naitrojeni inamwingia mwilini, na akipanda vibaya inamkunja viungo, inaweza hata kumpoozesha. Kwa hiyo kwa kina cha kati tunaipunguza kwa kuongeza oksijeni, tunafika thelathini na mbili. Lakini oksijeni nayo ikizidi, ukiwa chini, ni sumu. Mzee alikuwa anasimama hapo, katikati ya sumu mbili, na mkono wake kwenye koki.

Mwaka jana alirudi kwao huku, kifua kikimsumbua. Wiki iliyopita akampigia bosi simu. Amesikia tumepata kazi Matema, pantoni imezama na injini zake, kina mita thelathini na tatu. Anataka kuja kutuchanganyia. Bosi akaniita, akafunga mlango wa ofisi.

"Atupele, mimi siwezi kumwambia hapana yule mzee. Amenifunga kamba za viatu nikiwa mtoto."

"Sasa mimi ndiyo niweze, bosi?"

"Wewe ndiye unayezamia. Nenda akuchanganyie mtungi mmoja, thelathini na mbili, upime. Ikitoka sawa anakuja, anakaa siti ya mbele kwenye gari. Isipotoka..."

Bosi wangu si mtu mbaya. Naliandika hilo kwa sababu jana nilimtukana moyoni kuanzia Uyole mpaka Makambako.

Nianze na mikono ya Mzee, maana ndiyo niliyoiona kabla ya uso. Siku ya kwanza nilimkuta nyuma ya duka ananawa kwa sabuni ya mche, ananawa mpaka kwenye viwiko, kama daktari. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta inaweza kuwaka, haihitaji kiberiti. Kwa hiyo siku ya kuchanganya hakula andazi, hakula chapati, hakujipaka mafuta ya mgando hata baridi ya Mbeya impasue midomo. Mama mmoja aliyekuwa anapitisha maandazi pale Mwanjelwa alikwazika kabisa.

"Mzee, kila siku hutaki. Maandazi yangu yana uchawi?"

"Yana mafuta, mama."

"Andazi gani halina mafuta?"

"Ndiyo hilo nalisubiri."

Siku ambayo hachanganyi alikuwa ananunua matano, anayala yote amesimama.

Namna yake ya kufundisha ilikuwa ya jikoni. Mimi nilikuwa sielewi kwa nini hewa ileile, mtungi uleule, iwe salama mita kumi na iniue mita hamsini. Nilimwuliza tukiwa kwa mama ntilie, nikiogopa wenzangu wasinicheke. Wakacheka. Yeye hakucheka. Akavuta bakuli langu la supu.

"Hii ina chumvi ya kutosha?"

"Inatosha."

"Tukiirudisha jikoni ichemke mpaka ibaki nusu?"

"Itakuwa chumvi tupu."

"Nani kaongeza chumvi?"

"Hakuna."

"Basi. Kushuka ni kuchemka. Kila mita kumi maji yanakusukuma zaidi, hewa inabanwa, mchuzi unapungua. Chumvi ni ileile, ila ulimi wako unaipata nyingi. Ndiyo maana kila mtungi una kina chake, na ukivuka kina hicho huvuti tena hewa uliyoijua."

Akanirudishia bakuli. Alikuwa amechovya kidole. Nikanywa.

Na kuhusu muda alikuwa anasema habari za jua. Jua la asubuhi unalima nalo mpaka uchoke wewe. La saa sita unalima kidogo, unakimbilia kivulini. Na ukilima leo, kesho, keshokutwa, mgongo unayajumlisha yote. Oksijeni kali vumilia dakika chache, oksijeni ya wastani vumilia zaidi, na siku zikifuatana pumzika, kwa sababu mapafu hayasahau usiku mmoja. Tukizamia siku tatu mfululizo, siku ya nne alikuwa anaficha regyuleta zetu za kupumulia. Kweli alizificha. Mara moja zilikuwa chini ya kiti cha dereva, na bosi alipiga kelele kutwa nzima.

Alitufundisha pia dalili. Mdomo ukianza kuchezacheza wenyewe, masikio yakilia, macho yakaona kama uko ndani ya bomba, panda, acha kila kitu, acha hata nyundo ya bosi. Kinachofuata ni degedege, na mtu mwenye degedege chini ya maji anatema chombo cha kupumulia. "Juu tungekushika ulimi na kukuombea," alisema. "Chini nani akushike?" Nimesoma baadaye kwamba mtu wa degedege hashikwi ulimi. Hilo alikosea. Ila ya chini alikuwa sahihi.

Sasa niandike la aibu, maana ndilo lililonileta.

Kwetu Kyela, na naona hata huku Uheheni, mtu mzima akikupa chakula hukionji kwanza kwa pembe ya mdomo, ukakitazama, ukamtazama. Ni tusi. Sasa sheria ya wazamiaji ni kinyume chake. Aliyechanganya hajihesabii. Anayekwenda kuvuta ndiye anayepima mtungi wake kwa mkono wake, anasema namba kwa sauti, mchanganyaji anairudia, kisha mzamiaji anaiandika kwenye plasta ya karatasi pamoja na kina chake cha mwisho na jina lake, anaibandika mtungini. Mbele ya mchanganyaji. Hata awe na mvi.

Mara ya kwanza nilishindwa. Nilisimama nimeshika kipimo kama mtu aliyeshika nyoka wa mwenzake.

"Shikamoo, Baba," nikasema, sijui kwa nini, tulikuwa tumeshaamkiana.

"Marahaba. Sasa nitukane."

"Baba?"

"Pima. Nitukane kwa sauti, wote wasikie. Heshima yako niachie huku juu, ziwani nenda na namba."

Nilipima, macho yakiwa chini. Ilikuwa sawa. Ilikuwa sawa kila mara, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa, kwa sababu kumpima mtu ambaye hakosei kunaanza kufanana na dharau. Wenzangu wengine walifika mahali wanapima kwa kuonyesha tu, wanaweka kipimo, wanasema namba kabla mashine haijatulia. Mimi naamini nilipima kila mara. Naamini. Siwezi kuapa kwa kila siku ya miaka yote ile.

Mwenzetu mmoja, mrefu, mwenyeji wa palepale Matema, aliandika namba bila kupima. Mzee alimwona. Akamvua mtungi mgongoni pale ufukweni, shemeji zake wakitazama, watoto wake wakitazama, akamwambia arudi nyumbani kwa miguu kwa sababu kwenye gari wanapanda wazamiaji. Yule mtu alilia. Mimi nasema sheria ilikuwa ya haki, ila namna ilikuwa mbaya, na nimeshamwambia Mzee hivyo. Alinijibu kwamba namna ni ya wenye muda. Lakini baadaye nilikuja kujua kwamba ndiye aliyemwombea yule mrefu kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga Rujewa, na akamkanya mwenye mashine asiseme nani kaomba. Kwa hiyo sijui nimwekeje. Namweka hivyo hivyo.

Alikuwa na mengi ya hivyo. Alituhubiria mapafu huku akivuta sigara, anakwenda kuivutia mbali kabisa na mitungi, ng'ambo ya barabara, kwenye mvua ikibidi. Tukimsema anasema, "Mimi siendi chini." Ni kweli hakuwa anashuka tena, ila kifua hakikujua tofauti. Alikuwa ameshawahi kushuka kina ambacho mimi sitakiona, zamani bandarini, lakini siku moja Rujewa dume la ng'ombe la wafugaji lilikuja kunywa pale tulipokuwa tunafungua lango la mfereji, na Mzee alipanda juu ya gari na ovaroli yake na miwani yake, akakataa kushuka mpaka mchungaji wake alipokuja kulifukuza kwa fimbo na matusi ya Kisangu. "Lile halina geji," alijitetea.

Mara moja tulipata gesi ya heli kutoka Dar, kwa kazi ya kina kirefu. Ile inapunguza oksijeni na naitrojeni kwa pamoja, mtu anabaki na akili zake, ila ni ghali na inabadilisha sauti, inakuwa nyembamba kama ya kifaranga. Mzee alikuwa anaonja mchanganyiko, mara simu yake ikalia. Mke wake. Akapokea.

"Haloo, Mama."

Halafu tukasikia, "We mtoto, mpe simu mwenyewe," na simu ikakatwa. Mzee wa kanisa, mwimba besi wa kwaya ya Walutheri, alikaa chini kwenye vumbi la Mwanjelwa akacheka mpaka akakohoa.

Ndiye huyo niliyetumwa kumpima leo.

Nilipofika jana mke wake alinipokea begi getini. "Kamwene," akaniamkia kwa Kihehe, nami nikaitikia kwa Kihehe changu cha kuokoteza, akacheka. Lakini jikoni alishika mkono wangu. "Tangu arudi anakaa tu, mwanangu. Anahesabu kuku, anahesabu tena. Hiyo simu ya Matema ndiyo imempa usingizi. Mpime sawasawa, sikwambii umpendelee. Ila umpime kama baba yako."

Nikamwambia nitafanya hivyo. Sikujua anachotaka kinawezekanaje.

Asubuhi hii nilikuta begi la Mzee limeshafungwa, liko karibu na mlango. Yeye alikuwa ndani ya ovaroli ya bluu, mikono imeshanawa, amesimama kwenye kibanda cha bati nyuma ya nyumba, alikoweka kompresa yake ndogo na mtungi mkubwa wa oksijeni aliouagiza mjini kwa wachomeleaji. Mama alikaa kwenye kigoda karibu na banda la kuku, ananyonyoa jogoo. Alikuwa amemchinja kwa ajili ya safari.

Nilimtazama Mzee akifanya kazi, na nasema kwa haki, ilikuwa nzuri kutazama. Aliweka oksijeni kwanza, taratibu sana, anafungua koki kama mtu anayefungua mlango wa chumba chenye mtoto mchanga, ili isipate joto. Akafunga. Akapumzika, akakohoa. Akawasha kompresa ajazie hewa ya kawaida juu yake. Aliinamia geji akiwa na miwani, halafu akaivua miwani akainamia tena. Kisha akazima.

"Haya, Atupele. Nitukane."

Mikono yangu ilikuwa na haraka. Nilitaka jambo lile liishe, lisifanane na ukaguzi. Nilikitoa kipimo kwenye begi, nikakiunganisha, nikafungua koki kidogo, nikangoja namba itulie. Ilitulia.

"Sema," Mzee akasema.

"Thelathini na mbili."

Mama alipiga kigelegele, manyoya ya jogoo mkononi. Mimi nilihisi kulia. Nilimwona Mzee kwenye siti ya mbele ya gari, tunateremka Tukuyu kwenye migomba, anamgombeza dereva. Nilisubiri arudie namba.

Hakurudia. Alikuwa anakitazama kipimo, si namba, kipimo chenyewe.

"Hiyo mashine mara ya mwisho umeiwasha wapi?"

"Matema, Baba. Jumatano, tulikwenda kutazama pantoni."

"Na hapa ni wapi?"

Nilikuwa nimeshaelewa.

Kipimo chetu hakihesabu oksijeni kama mtu anavyohesabu maharage, kinasikia msukumo wake. Hewa ya kule ziwani ni nzito, hewa ya huku mlimani ni nyepesi. Ukikionyesha hewa ya ziwani ukakiambia hii ndiyo ishirini na moja, halafu ukapanda nacho huku, kila kitu kinakipungukia, kinasoma kidogo kuliko kilichopo. Kwa hiyo kila ufikapo mahali unakiacha kwanza kipepewe na hewa ya hapo, unakirudisha ishirini na moja, ndipo unapima. Ni somo la siku ya kwanza. Wenzetu wa pwani wanaweza kufa wazee bila kulikosea, wao hawapandi wala hawashuki. Ni sisi, watu wa ziwa na mlima kwa siku moja, ndio tunaolikosea, na mimi nilikuwa sijawahi.

"Kiweke hewani," akasema.

Nikatoka nacho kibandani, nikakiinua kwenye upepo. Kikaonyesha kumi na nane na kitu. Hewa ya Mungu, yenye ishirini na moja, kinaniambia kumi na nane. Nikakirekebisha. Nilikuwa naomba, na sitaandika naomba nini, kwa sababu nadhani nilikuwa naomba mashine idanganye tena.

Nikarudi, nikapima.

"Sema."

"Ngoja nirudie, Baba."

"Rudia, halafu sema."

Nikarudia. Ilikuwa ileile.

"Thelathini na sita."

"Thelathini na sita," Mzee akarudia.

Mama alikuwa anatutazama, mmoja mmoja. "Si imeongezeka?" akauliza. "Ilikuwa thelathini na mbili, sasa sita. Kuongezeka si vizuri?"

"Hapana, Mama," Mzee akamwambia kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kazini. "Kwenye kazi yetu kuongezeka ndiko kunakoua."

Tuliitafuta sababu pamoja, hilo angalau tulilifanya pamoja. Oksijeni aliiweka sawa kabisa. Ni hewa ya juu yake aliyoikatisha mapema, oksijeni ikabaki haijazimuliwa vya kutosha. Alikuwa ameona geji imefika mia mbili. Ilikuwa mia moja na hamsini. Alinifanya niisome mara mbili, kisha akakigusa kioo chake kwa kucha, kama vile mshale ungesogea. Mita thelathini na tatu, mtu anavuta mnyororo, anahema kwa nguvu, anavuta thelathini na sita huku plasta yake imeandikwa thelathini na mbili. Huenda angepanda salama. Huenda mara nyingi angepanda salama. Huyo mtu ningekuwa mimi, plasta ingekuwa na jina langu na mwandiko wangu, na kama Mzee angenyamaza leo asubuhi ningeibandika kwa furaha.

Nikaanza kutengeneza mambo. Naona ni hapo nilipoharibu zaidi.

"Ni macho tu, Baba. Akili yote ipo. Njoo hivyo hivyo, mimi nitakusomea geji."

"Na atakayechanganya atakuwa wewe, au mimi?"

"Wewe utakuwa unasema, mimi nafanya."

"Na nani atanipima?"

"Mimi. Kama siku zote."

Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hakuwa na hasira, ningependelea angekuwa nayo.

"Atupele, mwanangu. Leo umenionea aibu mpaka umesahau kuirudisha mashine. Wewe. Ninayekujua. Siku nyingine utanionea huruma. Mchanganyaji anayeonewa huruma ni mbaya kuliko mchanganyaji kipofu."

"Ni kosa langu, si lako."

"Si nimesema hivyo? Kosa lako linatoka kwangu." Akauonyesha mtungi kwa kidevu. "Ufungulie."

Niliufungua. Ulipiga mluzi muda mrefu, kuku wakakimbilia kwenye figili, na Mama akasimama akalichukua begi pale mlangoni akaliingiza chumbani.

Simu alipiga mwenyewe. Nilikuwa hatua chache tu, nilisikia upande wake.

"Bosi, siji... Hapana, si kifua, ni macho... Namba imekataa. Thelathini na sita... Amepima vizuri. Amepima vizuri sana, huyo mshikilieni." Halafu akasikiliza kwa muda, na mwisho akasema, "Na wewe ufunge kamba zako mwenyewe," akacheka kidogo, akazima simu.

Amepima vizuri. Hakumwambia bosi kuhusu hewa ya Matema. Nimekaa na neno hilo tangu mchana. Sijui kama alinistiri kwa kunipenda, au kwa sababu na yeye ameanza kunionea huruma, ambayo kwa maneno yake mwenyewe ni hatari. Jumatatu nitamwambia bosi jinsi ilivyokuwa. Naandika "nitamwambia" na najitazama ninavyoandika. Nimekuja kumvua mtu kazi yake, na aliyefanya kazi hiyo kwa haki ni yeye. Mimi nilileta mashine tu, tena nimeileta vibaya.

Mchana wote alikuwa ananionyesha kompresa, namna ya kubadilisha chujio, namna ya kusikia inapochoka. Anasema niende nayo Mbeya, kwake inakula nafasi ya kuku. Nilimwuliza kama nimlipie chochote, akanitazama mpaka nikaomba radhi.

Jioni tulikula ugali, yule jogoo, na figili. Mama alipakua, bakuli la Mzee likaja na firigisi juu, maana firigisi ni ya baba wa nyumba, kwao na kwetu, mimi tangu nizaliwe sijawahi kuila. Mzee aliomba, akaitikia amina yake ya besi, kisha akaitoa ile firigisi kwa vidole akaiweka kwenye sahani yangu. Mama alitazama pembeni. Nilisema, "Baba, hapana," akaanza kumega ugali kama hajasikia. Ikabaki pale mbele yangu, wote wawili wakila polepole wakinisubiri. Nikaila.